Kwa Nini Mbingu Ni Kubwa Hivi?

Leo twataka kuzungumza nanyi juu ya swali ambalo vijana wetu huliuliza na ambalo watu wazima wengi hulikwepa. Swali lenyewe ni hili: Ikiwa Mungu anawajali wanadamu, kwa nini aliumba ulimwengu mkubwa namna hii, hata dunia yetu ikawa kama punje moja ya mchanga? Ukubwa wote huo ni wa nini?

Swali hili si la upuuzi, wala si la uasi. Huku kwetu Kericho na Bomet wako vijana waliosoma habari za nyota shuleni, wakarudi nyumbani na kuuliza, wakaambiwa wanyamaze. Wengine walinyamaza kweli, na kanisa nalo wakaliacha. Mwaka 2016 chama cha watu wasioamini kwamba Mungu yuko kiliandikishwa rasmi hapa Kenya. Basi wenye shaka si watu wa ng'ambo tu. Ni watoto wetu na majirani zetu. Anayeuliza kwa haki anastahili kujibiwa kwa haki. Na njia iliyo njema ni kufuata historia ya swali lenyewe, maana halikuanza jana.

WAZEE WETU NA ANGA

Tuanze nyumbani. Kabla ya wamisionari kufika, Wakipsigis walimwomba Asis. Jina hilo lahusiana na neno asista, yaani jua, lakini wazee hawakusema kwamba duara lile la moto tulionalo ndilo Asis mzima. Jua lilikuwa dalili yake, kama vile moshi ulivyo dalili ya nyumba yenye watu. Asubuhi mzee alitoka nje, akaelekeza uso mashariki, akawaombea watoto, ng'ombe na mashamba.

Nyota nazo walizijua. A. C. Hollis, ofisa wa serikali ya kikoloni, alitoa kitabu mwaka 1909 juu ya Wanandi, ambao ni ndugu za Wakipsigis kwa lugha na desturi. Aliandika kwamba nyota za Kilimia waliziita Koremerik, wakazitazama ili kujua kama mavuno yatakuwa mema au mabaya. Aliandika pia kwamba ule ukanda mweupe wa nyota unaokata anga usiku waliuona kama ziwa kubwa, ambamo watoto huoga na kucheza.

Tafadhali msikilizaji, yashike mambo haya mawili. Nyota za Kilimia zilikuwa na kazi kwa ajili ya mkulima. Lakini lile ziwa la nyota halikuwa na kazi yo yote kwa ajili yetu. Lilikuwa na maisha yake na furaha yake huko juu. Wazee hawakuona shida hapo. Hawakudhani kwamba kila kitu kilichoko mbinguni lazima kimhudumie mtu wa duniani.

WATU WA KALE HAWAKUWA WAJINGA

Wako wanaosema kwamba watu wa kale waliamini Mungu kwa sababu walidhani ulimwengu ni mdogo kama kibanda, na kwamba sayansi ilipotuonyesha ukubwa wake, imani ikaanguka. Maneno haya yasikika kama ya busara, lakini historia haikubaliani nayo.

Tazama kitabu cha Ayubu. Wale waliotafsiri Biblia ya Kiswahili ya Union, iliyotolewa nzima mwaka 1952, walipofika kwenye majina ya nyota katika sura ya 9 na ya 38, walitumia jina la Kilimia, jina la wakulima wa pwani, lenye asili moja na neno kulima. Basi mkulima wa Kiafrika aweza kusoma humo habari za nyota zile zile alizozitazama babu yake. Na katika Zaburi ya 8 mwimbaji anatazama mwezi na nyota, kisha anashangaa kwamba mwanadamu aliye mdogo hivyo anakumbukwa. Yaani swali la kijana wetu limo ndani ya Biblia yenyewe, na limo kama sala.

Tena, mnamo mwaka 150 baada ya Kristo, huko Aleksandria katika Misri, mtaalamu wa nyota Ptolemy alifundisha kwamba dunia, ikilinganishwa na umbali wa nyota, ni kama nukta tu. Kitabu chake kilisomwa kwa zaidi ya miaka elfu moja, na Waislamu na Wakristo vile vile. Mnamo mwaka 524 Boethius, Mkristo wa Roma, akiwa kifungoni na akingoja kuuawa, alilitumia fundisho hilo kuonyesha jinsi sifa za wanadamu zilivyo kitu kidogo. Mwandishi C. S. Lewis wa Uingereza aliwakumbusha watu jambo hili katika miaka ya 1940: udogo wa dunia ulijulikana zamani sana, wala haukuhesabiwa kuwa hoja ya kumkana Mungu.

Lakini tuseme na upande wa pili. Ulimwengu wa Ptolemy, ingawa ulikuwa mkubwa, ulikuwa na mwisho wake, na dunia ilikuwa katikati. Huo mwisho na hiyo katikati ndivyo vilivyokuja kuondolewa baadaye.

MTU ALIYEKATAA KWA SABABU YA NAFASI TUPU

Mwaka 1543 Copernicus alitangaza kwamba dunia ndiyo inayolizunguka jua. Kama ni kweli, basi nyota lazima ziwe mbali kupita kiasi, maana dunia inapotembea hatuoni nyota zikihama mahali pake. Tycho Brahe wa Denmark, aliyepima nyota kwa makini kuliko wote waliomtangulia, alilikataa jambo hili. Alikuwa na sababu nyingine pia, lakini moja ilikuwa hii: kati ya Zohali, sayari ya mwisho iliyojulikana wakati ule, na nyota, pangekuwa na nafasi kubwa mno iliyo tupu. Ya nini? Nani angejenga hivyo? Mwenzake Christoph Rothmann, aliyekuwa akifanya kazi Kassel katika Ujerumani, alimjibu kwamba ukubwa huo haukosi kumfaa Muumba asiye na mipaka.

Hebu tufikiri kidogo. Swali la «ukubwa huu ni wa nini?» lilitumiwa kwanza na mtu mwenye imani, tena mtaalamu wa kweli, ili kuikataa kweli. Kwa sababu ukubwa haukumpendeza, aliona hauwezi kuwapo. Nafasi ile ipo. Kumbe lile tunaloliona sisi kuwa linafaa si kipimo cha lile lililopo. Onyo hili lawahusu walio na imani na wasio na imani pia.

PAINE NA CHALMERS

Baada ya Galileo kuelekeza darubini yake mbinguni mwaka 1609, ule ukanda mweupe ulionekana kuwa ni nyota tupu, nyingi zisizohesabika. Watu wakaanza kuwaza kwamba huenda kila nyota ni jua lenye dunia zake. Mwaka 1794 Thomas Paine, Mwingereza aliyesaidia mapinduzi ya Marekani, aliandika kwa ukali kwamba mtu hawezi kushika mambo mawili pamoja: kuamini dunia nyingi, na kuamini kwamba Mungu aliziacha zote akaja kufa katika hii moja.

Jibu lilitoka Glasgow katika Uskoti. Mhubiri Thomas Chalmers alitoa mfululizo wa mafundisho katika kanisa la Tron, yakachapishwa mwaka 1817 na kusomwa na watu wengi sana. Alisema kwamba karibu wakati ule ule ambao darubini ilituonyesha makubwa ya mbali, hadubini ilituonyesha madogo ya karibu. Katika tone moja la maji mna viumbe vingi, na kila kimoja kimeumbwa kwa ufundi kamili. Basi Mungu mwenye mambo mengi makubwa hakuyasahau yaliyo madogo. Anayedhani kwamba Mungu akishughulika na nyota atakosa nafasi ya kushughulika na mtu, anampima Mungu kama karani mwenye mafaili mengi mezani.

Hoja ya Chalmers ina nguvu. Yaonyesha kwamba Mungu aweza kuwajali wadogo. Lakini haisemi kwa nini ukubwa uwepo. Hapo swali likabaki.

HESABU ZA SIKU ZETU

Katika karne ya 20 hesabu zilipanda mno. Nuru husafiri kilomita 300,000 kwa sekunde moja. Katika sekunde hiyo ingeweza kukata njia ya Kericho hadi Nairobi zaidi ya mara 1,000. Nuru hiyo hutumia dakika nane na kidogo kutoka juani mpaka kwetu. Basi la abiria liendalo kilomita 80 kwa saa, bila kusimama usiku wala mchana, lingehitaji zaidi ya miaka 210 kufika juani. Kufika kwenye nyota iliyo jirani kabisa na jua letu, lingehitaji zaidi ya miaka milioni 50.

Na hiyo ni jirani. Kundi letu la nyota, yaani galaksi yetu, lina upana wa kama miaka 100,000 ya nuru. Mwaka 1923 Edwin Hubble, akitumia darubini kubwa huko California, alipata nyota iliyomwezesha kupima umbali wa Andromeda, akaona kwamba ni galaksi nyingine kabisa, nje ya yetu. Leo yajulikana kuwa umbali wake ni kama miaka milioni 2.5 ya nuru. Mwaka 1927 Georges Lemaître, padre wa Kikatoliki wa Ubelgiji, alionyesha kwa hesabu kwamba ulimwengu unapanuka. Leo umri wake wakadiriwa kuwa miaka bilioni 13.8.

Kenya nayo ina sehemu katika historia hii, na ni sehemu ya heshima. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kuadhimisha miaka saba ya uhuru wetu, setilaiti ya Marekani ilirushwa kutoka jukwaa la Waitalia la San Marco, lililosimama baharini karibu na Malindi. Mahali pale palifaa kwa kuwa pako karibu na ikweta, ambapo mzunguko wa dunia huipa roketi msukumo zaidi. Ilikuwa setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa kwa ajili ya kuchunguza miali ya eksirei itokayo angani tu. Nayo iliitwa kwa neno letu la Kiswahili: Uhuru.

Uhuru ilifanya kazi mpaka mwaka 1973, ikaorodhesha mahali 339 panapotoa miali hiyo. Pamoja na mengine, ilionyesha kwamba katikati ya galaksi zilizo katika makundi pana gesi yenye joto la mamilioni ya digrii. Riccardo Giacconi, aliyeongoza wataalamu wake, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Angalia basi: mahali ambapo macho yaliona patupu, hapakuwa patupu. Laiti Tycho Brahe angaliona!

WENYE SHAKA WASEMAVYO

Sasa tuwasikilize wenye shaka wa siku zetu, maana wengi wao husema kwa utaratibu. Richard Feynman, mwanafizikia mashuhuri wa Marekani, aliona kwamba jukwaa ni kubwa mno kwa mchezo wa mwanadamu. Mwanafalsafa Nicholas Everitt wa Uingereza aliipanga hoja hiyo vizuri katika kitabu cha mwaka 2004. Kwa ufupi yasema hivi: Kama ungeambiwa tu kwamba yuko Mungu ambaye mwanadamu ni wa maana sana kwake, bila kuutazama ulimwengu, ungetazamia ulimwengu wa kadiri ya mwanadamu. Tulichokiona ni kinyume. Basi jambo hilo, ingawa si uthibitisho kamili, lapunguza uzito wa imani.

Hoja hii isichekwe. Jibu moja lilitoka katika sayansi yenyewe. Mwaka 1961 Robert Dicke wa Marekani alieleza kwamba miili yetu yahitaji kaboni, na kaboni haikuwapo mwanzoni; ilipikwa ndani ya nyota kwa muda mrefu sana. Muda huo wote ulimwengu ulikuwa ukipanuka. Kwa hiyo ulimwengu wenye umri wa kutosha kupata watu, hauna budi kuwa mkubwa. Ukubwa wa mbingu ni kama urefu wa muda uliotumika kutupika.

Lakini mwenye shaka atajibu: Mungu mwenyezi ana haja gani ya kungoja nyota zipike? Si angesema tu ikawa? Naye ana haki ya kuuliza hivyo. Jibu la Dicke laeleza jinsi, wala halielezi sababu.

MSITU NA KIKOMBE CHA CHAI

Hapo twafika kwenye jambo ambalo nchi yetu ya chai yaweza kutufundisha. Chai yetu yahitaji mvua na ubaridi, na mvua hiyo yatokana kwa sehemu kubwa na Msitu wa Mau, uliokuwa na hekta zipatazo 400,000 kabla haujakatwa-katwa. Mtu aliyeko mbali, aliyezoea kikombe tu, akiuona msitu ule aweza kusema: «Msitu wote huu ni wa nini? Kikombe ni kidogo hivi!» Sisi tungemjibu kwamba bila msitu hakuna kikombe. Hilo ndilo jibu la Dicke.

Hata hivyo, je, msitu ulipandwa kwa ajili ya chai? La. Chai ililetwa Kenya mwaka 1903, nayo mashamba makubwa ya Kericho yalianza katika miaka ya 1920. Msitu ulikuwako zamani, ukiwalisha nyuki na mbega, ukitoa maji ya mto Sondu na ya mto Mara unaokwenda kunywesha nyumbu wa Serengeti. Chai ni mgeni aliyekaribishwa. Msitu wamfaa kweli, wala si mali yake.

Hivi ndivyo kitabu cha Ayubu kinavyosema katika sura ya 38. Ayubu alitaka aelezwe shauri la mateso yake. Badala yake Mungu alimtembeza katika ulimwengu: bahari, theluji, Kilimia, wanyama wa porini, na mvua inayonyesha katika nyika isiyokaliwa na mtu ye yote. Mvua ile ni ya nani? Si ya Ayubu. Mungu anayo mapenzi na viumbe ambavyo Ayubu hatavijua kamwe. Wala Ayubu hakukasirika kusikia hivyo; alipata amani. Naye, mdogo kama alivyokuwa, ndiye aliyesemeshwa.

Basi twaona kwamba swali letu lilikuwa na dhana iliyojificha ndani yake: kwamba kila kitu lazima kiwe kwa ajili yetu, la sivyo sisi si kitu. Imani ya Ayubu haikufundisha hivyo, wala wazee waliolitazama ziwa la nyota.

KIPIMO CHA THAMANI

Imebaki dhana ya pili, nayo ni ya hatari zaidi: kwamba kilicho kikubwa ndicho chenye maana. Sisi wa nchi hii tungekuwa wa kwanza kuikataa. Mchumaji wa chai haangalii ukubwa wa mti; atafuta majani mawili na kichipukizi, kitu cha kushikwa kwa vidole viwili. Thamani ya shamba zima imo katika ncha hiyo.

Twajua pia yale yaliyotupata wakati watu walipopimwa kwa ukubwa. Ardhi ilichukuliwa na watu waliotazama ramani kubwa, ambayo juu yake nyumba ya mjane haikuonekana hata kama nukta. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuwaondoa watu wa ukoo wa Talai, ikawapeleka Gwassi karibu na Ziwa Victoria, mahali pa mbung'o na malaria. Kwa dola iliyoenea duniani kote, watu hao walikuwa wachache mno kuhesabiwa. Kama udogo ni kukosa maana, basi waliowafukuza hawakukosea. Lakini sote twajua kwamba walikosea, na mwenye shaka ajua vile vile. Mtu asiyeamini Mungu, lakini akasikitika kwa ajili ya mtoto mmoja aliyekufa Gwassi, amekwisha kukiri kwamba ukubwa si kipimo.

Hapo twaweza kushikana mikono naye, halafu twaachana kwa amani. Maana sisi twaongeza neno moja ambalo darubini haiwezi kulithibitisha wala kulikanusha: kwamba mdogo huyo anajulikana. Ukubwa wa mbingu haukuandikwa kuwa uthibitisho wa Mungu, nao si uthibitisho wa kwamba hayuko. Tusimlazimishe kijana kuuona kuwa uthibitisho, wala tusimkemee akiona uzito upande wa pili. Tumpe kweli yote tuliyo nayo, pamoja na hesabu zake.

Jioni za mwezi wa Mei, mawingu yakiruhusu, sisi tukaao karibu na ikweta twaona Dubu upande wa kaskazini na Msalaba wa Kusini upande wa pili, kwa wakati mmoja. Wakaao London hawauoni Msalaba. Tumepewa sehemu kubwa ya kutazama. Twawasihi wazazi juma hili wasome Zaburi ya 8 na Ayubu sura ya 38 pamoja na watoto wao, kisha watoke nje wakatazame juu.

Na tuombe: Ee Bwana, uliyefanya mengi yasiyo yetu, utufundishe kufurahi kwamba si yetu. Wala usituache kumdharau mtu ye yote kwa sababu ni mdogo. Amina.